Nimejiajiri, kazi naijua, ila kichwa ndo kinaniangusha. Nyie mnabakije na mawazo chanya?

Mchora_Nembo

Habari zenu wakuu. Naombeni mawazo yenu mana nimefika mahali nazunguka palepale.

Mi nachora nembo, mabango, vipeperushi, vifungashio, vitu vya namna hiyo, nafanyia nyumbani peke yangu. Nimetoka kwenye ajira huu mwaka wa tatu. Mwaka wa kwanza nlikua na moto balaa, yan naamka kabla ya alamu, nalala nikiwaza rangi. Sa hivi kazi bado naipenda ila kuna kitu kimekatika.

Iko hivi. Wateja wawili wakubwa wameondoka ndani ya mwezi mmoja. Mmoja kaajiri mtu wake wa ndani, mwingine kanitumia meseji ya maneno mawili tu, "Tutakutafuta tukikuhitaji". Nimeisoma ile meseji sijui mara ngapi, nikaanza kuitafutia maana, mbona hajasalimia, mbona zamani alikua anaanza na salamu. Wiki hiyohiyo mtu mmoja akaacha komenti chini ya kazi yangu kwamba nembo zangu zote zinafanana. Wapo wateja kama 40 walioniachia maneno mazuri toka nianze, siwezi kukutajia hata mawili kwa kichwa, ila hiyo komenti moja naijua mpaka koma ilipo.

Sa hivi asubuhi nakaa mbele ya kompyuta, naiwasha, nafungua faili, nalifunga, naenda kuosha kikombe ambacho ni kisafi. Simu ikiita namba ngeni moyo unaruka, nadhani ni lawama kumbe mtu anaulizia kazi. Na bei ndo usiseme, nikitaja tu naipunguza mwenyewe kabla mtu hajafungua mdomo.

Nyumbani nikilalamika naambiwa "we fikiria chanya". Sawa, nataka kufikiria chanya, ila naanzia wapi? Nashika nini? Mlio na miaka mingi kwenye kujiajiri nyie mnafanyaje? Na tafadhali zile za kujiangalia kwenye kioo ukajiambia wewe ni mshindi msinipe, nimejaribu siku 4 nikaishia kujicheka.

Nguvu_Mpya

Mkuu usikate tamaa, kila kitu kinaanzia kwenye akili. Kama kioo kimekushinda funga macho, kila asubuhi dakika 10, jione tayari una ofisi kubwa wateja wamepanga foleni, jisikie kabisa kwamba umeshafika. Unachokiwaza ndicho kinachokuja. Kaa mbali na watu hasi. Mi tangu nianze hivyo sijawahi kuyumba. Utafika tu kaka.

Mbishi_Mstaarabu

Nguvu_Mpya sitaki kukuharibia siku ila hiyo ya kufunga macho ukajiona umeshafika ndo inayowalaza watu, na si mi nnayesema.

Kuna mwanasaikolojia wa Kijerumani anaitwa Gabriele Oettingen, kaifanyia kazi hii mada miaka mingi sana. Yeye na mwenzake waliwafuatilia vijana wa chuo waliokua wanamaliza masomo wanaingia kutafuta ajira. Wakawauliza mambo mawili tofauti, moja, unaonaje uwezekano wako wa kupata kazi, na pili, huwa unaota mchana kuhusu hiyo kazi, mara ngapi, na ndoto zenyewe zina utamu kiasi gani. Baada ya miaka 2 wakawarudia. Waliokua wanaota ndoto tamutamu walikua wametuma maombi machache, wamepata ofa chache na mishahara yao ilikua midogo. Ila wale waliokua wanatarajia mema, yan mtu anaamini atapata akipima na anachokiweza, wao mambo yaliwaendea vizuri. Majibu hayo yalitoka 2002. Kwa hiyo kutarajia na kuota ni vitu viwili, watu wanavichanganya kila siku. Ukishajiona umefika mwili nao unalegea, sasa nani anaamka kwenda kutafuta mteja wakati ameshafika?

Anachoshauri huyo mama ni uwaze unachokitaka, halafu papo hapo ujiulize ndani yangu mimi kuna nini kinachonizuia. Yan usiende kwenye uchumi wala kwa washindani, baki ndani yako. Mchora_Nembo chako umeshakiandika mwenyewe hapo juu, unapunguza bei kabla hujaulizwa. Basi kiwekee "kama" na "basi". Kama mteja akiuliza bei kwenye simu, basi namwambia nitakuandikia ndani ya saa moja. Imeisha. Unakata simu, unakaa, unaandika bei ukiwa umetulia na unaituma bila maelezo ya kuomba radhi. Hiyo mbinu ya kama na basi aliyeichunguza sana ni mwanasaikolojia Peter Gollwitzer, na inasaidia kwa sababu uamuzi unakua umeshaufanya kabla woga haujafika mlangoni.

Na kujicheka mbele ya kioo mi naona ni dalili nzuri tu, akili yako bado inakagua.

Mama_Cherehani

Mdogo wangu pole. Hiyo ya kuosha kikombe kisafi naijua, mi nlikuwa napanga vifungo kwa rangi.

Nashona huu mwaka wa 11. Ngoja nikupe kisa, ni kirefu kidogo univumilie. Mwaka wangu wa tatu, hapohapo ulipo wewe, nikapata oda ya mashati 30 ya sare ya wafanyakazi wa ofisi moja. Kwangu mimi wakati ule 30 ilikuwa kama mbingu imefunguka. Nikaenda nikachukua vipimo vya kila mtu, nikaandika vizuri kwa majina, nikakata usiku, nikashona siku tano usingizi wa kuibia. Siku ya kujaribisha mikono yote mifupi. Si mmoja si wawili, yote thelathini, mikono imeishia juu ya kifundo na mabega yanabana, utadhani watu wazima wamevaa nguo za wadogo zao. Yule bwana aliyenipa kazi hata hakufoka. Alimsogelea kijana mmoja akashika mkono wa shati akauvuta chini, ukarudi, akauvuta tena, ukarudi, kimya kabisa, halafu akaniangalia. Bora angefoka.

Nlirudi na mashati yangu kwenye mifuko nikajiambia maneno ambayo hata adui yangu siwezi kumwambia. We hujui kazi. Umewadanganya watu miaka mitatu sasa leo umeumbuka. Kila mtu atajua. Kaombe ulikotoka wakurudishe. Wiki nzima cherehani nimeifunika kitambaa, nikipita pale natazama upande mwingine kama nadaiwa nayo.

Aliyenitoa ni binti niliyekuwa namfundisha. Alikuwa anapima kitambaa cha mtu mwingine akaniuliza dada, mbona hii futi inaanzia tatu? Nikaichukua. Kile kibati cha mwanzo kilikuwa kimeng'oka na sentimita tatu za kwanza zimeondoka nacho, sijui tangu lini, mi vidole vimezoea kushika mwanzo wala sitazami. Vipimo vya watu nlichukua na futi nyingine inayokaa kwenye mkoba, kukata nikakata na hii ya mezani. Kila kipande nlichokata usiku ule kimepungua sentimita tatu. Basi, ndo hiyo tu.

Sasa nielewe, sisemi kosa halikuwa langu. Lilikuwa langu na nlilipa, kitambaa kipya kwa hela yangu na mashati yote nikashona upya. Ila kati ya "mimi sijui kazi" na "futi yangu imekatika" pana umbali mkubwa sana. Lile la kwanza ukishalikubali utafanya nini zaidi ya kulala? La pili unaenda kununua futi.

Miaka baadaye ndo nikaja kusoma habari za Martin Seligman, mwanasaikolojia wa Marekani, kumbe yeye alilikalia jambo hilihili, namna mtu anavyojieleza akipatwa na baya. Anayezama anajieleza kwa mambo matatu, kwamba hili ni la kudumu, kwamba limegusa maisha yangu yote, na kwamba ndivyo mimi nilivyo. Mimi usiku ule nlikuwa nayo yote matatu, nimekamilika. Miaka ya 1980 huyo bwana aliwapima mawakala wapya wa bima ya maisha huko kwao, kazi ambayo mtu anakataliwa kutwa nzima, na wale waliokuwa wanajieleza kwa matumaini waliuza zaidi ya wenzao na hawakuacha kazi haraka. Wote walikuwa wanafungiwa mlango usoni, tofauti ilikuwa kile mtu anachojiambia akirudi barabarani.

Kwa hiyo chukua daftari, la karatasi, simu iweke mbali. Andika kilichotokea, andika ulichojiambia, halafu andika ushahidi uliopo. Kilichotokea, mteja kaajiri mtu wa ndani. Ulichojiambia, kazi yangu mbaya. Ushahidi uko wapi? Ofisi ikifika hatua ya kuajiri mchoraji wa kudumu maana yake imeona michoro inaleta faida, na aliyewaonyesha hiyo faida ni nani kama si wewe? Yule wa maneno mawili hujui ana nini, labda aliandika akiwa anashuka ngazi. Muulize. Ila ile komenti ya nembo kufanana usiitupe na usiililie. Toa nembo zako zote, zichapishe, zitandaze sakafuni, uzitazame kwa macho ya mtu mwingine. Inawezekana kweli zinafanana bwana. Nayo itakuwa ni futi tu.

Fundi_Baridi

Mi natengeneza majokofu na viyoyozi, maneno mengi sina.

Mchora_Nembo swali moja. Hao wateja wawili walikua wanakuingizia kiasi gani kwenye mapato yako yote? Kama ni zaidi ya nusu basi hukua na biashara mkuu, ulikua na ajira mbili zisizo na mkataba. Usikasirike, mi mwenyewe nlikua hivyohivyo, hoteli moja ilikua inanilisha, siku wamebadilisha meneja nikajua sina kazi.

Watu wanahangaika na fikra wakati tatizo ni mfuko. Hela ya biashara na hela ya nyumbani inakaa pamoja, mteja kalipa leo umenunua vifaa na umelipa na kodi ya nyumba humohumo, mwisho wa mwezi hujui umepata au umepoteza, sasa hapo utakuaje na amani? Kuna utafiti ulitoka kwenye jarida la Science mwaka 2013, kina Sendhil Mullainathan, mchumi, na Eldar Shafir, mwanasaikolojia, na wenzao, waliwapima akili wakulima wa miwa wa Tamil Nadu huko India, watu walewale mara mbili, kabla ya mavuno hela zimekata na baada ya mavuno wakiwa wamelipwa. Kabla ya mavuno walifanya vibaya, baada wakafanya vizuri. Kichwa kilekile. Wako wasomi waliobishana nao kuhusu sababu yake lakini mi nliposoma nikaona kabisa miezi yangu ya baridi pale hakuna anayekumbuka kiyoyozi, maamuzi nnayofanya miezi hiyo ukiniambia ni yangu nakataa.

Nlichofanya. Akaunti mbili. Najilipa mshahara uleule kila mwezi, mwezi mnono unaobaki unabaki, mwezi mkavu nachota humo. Kianzio nusu kabla sijafungua hata boksi la spana, na kwa wewe unayechora hilo ni la lazima mana mchoro ukishauona umeshauchukua. Akiba lengo ni matumizi ya lazima ya miezi mitatu, ila usitishike na mitatu, mi nlipofikisha wiki mbili tu nilianza kulala. Na mteja mmoja asizidi robo ya mapato, hilo halitimii mwaka mmoja ila liweke ukutani.

Nikiwa na akiba namwambia mteja msumbufu hapana. Nikiwa sina hata matusi nayaita ushauri.

Mchora_Nembo

Wakuu asanteni sana, nimesoma yote mara mbili.

Fundi_Baridi umenichoma mahali penyewe. Nimekaa jana nikapiga hesabu, hao wawili walikua asilimia 70. Sabini! Na mi nlikua natembea kifua mbele najiita mfanyabiashara. Ila cha ajabu baada ya kuiona ile namba nlijisikia nafuu, mana mwezi mzima nlikua nawaza nimeshuka kiwango kumbe hata ningekua mchoraji bora duniani, asilimia 70 ikiondoka lazima mtu uyumbe.

Mama_Cherehani nimefanya ya sakafuni. Nimechapisha nembo 24 nikazipanga sebuleni. Tisa zina duara na jani. Jani dada yangu! Kampuni ya usafi ina jani, duka la vipuri lina jani, mwalimu wa muziki naye nimempa jani. Mke wangu akapita akasimama akauliza "umepanda bustani?" nikacheka mpaka nikakaa chini, sijacheka hivyo siku nyingi. Kwa hiyo yule jamaa wa komenti alikua sahihi kwa hizo 9, na 15 zilizobaki hazina hatia. Nikikumbuka nlivyoumia kwa wiki tatu, kumbe ni jani.

Kinachonisumbua bado ni usiku na upweke. Usiku nikizima taa ndo kazi zote zinakuja kusimama kitandani, invoisi haijalipwa, yule hajajibu, kesho ile faili. Na mchana nyumba kimya, naweza nikamaliza siku sijaongea na mtu mzima zaidi ya "sawa nimekutumia".

Mtafsiri_Huru

Hapo kwenye upweke ngoja niingie mana ndo eneo langu, natafsiri nyaraka nyumbani mwaka wa sita, kuna siku sauti yangu naisikia jioni inakwaruza kwa kutotumika.

Kwanza hilo la komenti moja kuzifunika 40, wala usijione una kasoro. Wanasaikolojia wawili, Kahneman na Tversky, walishaonyesha 1979 kwamba kupoteza kunauma kuliko kupata kiasi hichohicho kunavyofurahisha. Akili haipimi kwa mizani sawa, kwa hiyo na wewe ipe msaada wa uzito upande wa pili. Mi nina faili kwenye simu limeandikwa USHAHIDI, kila mteja akishukuru napiga picha meseji yake natupia humo. Silisomi kila siku, ni la siku mbaya tu. Si kujisifu, ni kwamba kumbukumbu yangu ina upendeleo na nimeshaikamata.

Usiku. Mwaka 2018 kuna watafiti wa chuo kikuu cha Baylor kule Texas waliwalaza watu 57 maabara, nusu wakaandika kwa dakika 5 kabla ya kulala mambo waliyoyamaliza, nusu wakaandika mambo ambayo bado hawajafanya. Ungedhani walioandika yaliyobaki ndo watakesha, kumbe wao walipata usingizi mapema zaidi kwa dakika kama 9, na aliyeandika kwa undani zaidi ndo alilala haraka zaidi. Dakika 9 ni kidogo, sawa, ila kwangu mi tofauti ni kwamba vile vitu havisimami tena kitandani mana vina mahali pa kukaa. Na usiandike "kufuatilia invoisi", andika "saa 3 asubuhi kumpigia fulani kuhusu invoisi ya pili". Likiwa na saa yake linanyamaza.

Upweke sina dawa kubwa. Nina mwenzangu mmoja anafanya kazi kama yangu, ni mshindani kabisa, kila Jumatatu tunapigiana nusu saa. Hatupeani moyo hata. Kila mtu anasema wiki iliyopita aliahidi nini na kafanya nini, na kila mtu anasema jambo moja lililomtia aibu. Mara ya kwanza nlisema nimetafsiri tarehe ya mkataba kimakosa, nlidhani atanidharau, akaniambia yeye mwezi uliopita alituma faili la mteja mmoja kwa mteja mwingine. Nlipumua.

Acha pia kuangalia kurasa za wachoraji wenzako asubuhi, unalinganisha jiko lako na sebule zao.

La mwisho nalisema bila kukutisha. Ukiona hali ya kukosa raha au kutojali chochote, hata vitu unavyovipenda, inakaa karibu kila siku wiki mbili na kuendelea, usingizi na hamu ya kula vimevurugika, hapo hilo si la daftari tena, nenda kamuone daktari. Mi nlichelewa nikidhani ni uvivu. Na kama mawazo ya kutotaka kuishi yakija hata kidogo usisubiri hizo wiki mbili, mwambie mtu siku hiyohiyo.

Nguvu_Mpya

Jamani nimerudi. Nimesoma nikajisikia vibaya kidogo mana nlisema sijawahi kuyumba.

Nimeyumba. Nlifunga biashara ya kwanza, ya kuchapisha fulana, na niliifunga nikiwa bado nafunga macho kila asubuhi najiona na foleni ya wateja. Sijawahi kumwambia mtu, huku kote najulikana kama mtu wa kutia moyo basi ikawa ngumu kutoka humo. Yan nlikua naogopa kufungua daftari la mahesabu nikiona ni kukaribisha uhasi. Daftari likakaa miezi minne halijafunguliwa, nlipolifungua deni la wino lilikua limeshazidi mashine.

Mbishi_Mstaarabu umenipata. Ila na mi nitetee kidogo, bila hizo dakika 10 kuna asubuhi nisingetoka kitandani kabisa, kwa hiyo sitaziacha, nitaongeza tu hiyo ya kujiuliza kinachonizuia.

Mbishi_Mstaarabu

Hapo umeongea kitu cha maana kuliko vyote nlivyoandika mi. Ziache dakika zako 10 ila daftari liwe mapajani.

Mchora_Nembo

Mrejesho wakuu, wiki ya sita hii.

Sijawa mtu mpya, nisiwadanganye. Jumanne iliyopita nliosha kikombe tena. Ila yafuatayo yametokea.

Nlimpigia yule wa "Tutakutafuta tukikuhitaji". Nlikaa na simu mkononi kama nusu saa. Kumbe bajeti yao ya matangazo imekatwa yote, hata mtu wa picha wamemsimamisha, akaniambia aliandika meseji ile akiwa kwenye kikao cha kutangaziwa hayo mambo. Mi nlishaitungia riwaya nzima. Hajarudi kunipa kazi, ila kanipa namba ya mtu mwingine na huyo tumeanza.

Bei nasema "nitakuandikia ndani ya saa moja". Mara ya kwanza nlituma bila kuipunguza nikaweka simu kifudifudi nikaenda kufagia uani. Akajibu "sawa, nilipe wapi". Mara ya pili mtu akasema ghali akaondoka, ikaniuma mpaka jioni, kesho yake ikawa imepita. Zamani ingenimaliza wiki.

Kianzio nusu, wateja wanne wa mwisho wote wametoa, hakuna hata mmoja aliyeshangaa. Miaka mitatu nlikua naogopa kuomba kitu ambacho hakuna aliyekua anakataa. Akiba haijafika wiki mbili, ina siku 9, nimeibandika ukutani.

Jumatatu naongea na mchoraji mwenzangu, tumeanza wiki ya tatu. Jambo langu la aibu la kwanza nlimwambia lile la majani 9. Akanyamaza kidogo halafu akasema yeye ni mshale. Kila nembo yake ina mshale unaopanda juu kulia.

Na sijachora jani toka siku ile, japo jana kaja mteja anauza miche nikabaki namtazama tu sijui nifanyeje.

Fundi_Baridi

Hahahaa huyo mpe jani mkuu, halali yake.

Mama_Cherehani

Mpe jani, ila liwe la mche wenyewe, lisiwe lile lako la siku zote.

Ile futi iliyokatika bado ninayo, nimefungia pazia la chumba cha kujaribishia. Yule binti aliyeigundua sa hivi ana cherehani zake tatu, wiki iliyopita alinipigia analia, kakata suruali kumi upande mmoja.

Nikamuuliza umeshaangalia mkasi?